Kahawa ya Kokwa za Tende: Maisha ya Marehemu Jamaldin bin Jaffar

Leo, Ijumaa tarehe 11 Machi 1949, tunamzika ndugu yetu Jamaldin bin Jaffar, aliyezaliwa Kuze mwaka 1904, wa pili kati ya watoto wawili. Kaka yake, Abdulghafur, ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka chuoni kusoma Kur'ani, kwani Jamaldin alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno.

Alihitimu Kur'ani, akasoma skuli hapa kisiwani, na mwaka 1922 akaajiriwa katika duka la dawa la Bwana Gaffar, karibu na Ndia Kuu. Kazi yake ilikuwa kupima na kuchanganya dawa. Huko alijifunza kemia, na kemia ikampanda kichwani. Hata mchuzi ukiungua nyumbani, alieleza sababu kwanza ndipo akaepua sufuria. Mwaka 1930 alimwoa Bi. Mahfudha binti Badawi, aliyemvumilia.

Wakati wa vita, kahawa ilipoadimika, alikusanya kokwa za tende za futari ya mtaa mzima. Aliziosha mpaka utelezi ukaisha, maana sukari iliyobaki juu huungua kabla ya kiini kuiva, na kahawa ikanuka makaa. Akazianika, akazikaanga kwa moto mdogo mpaka zikatoa mafuta, kisha akazitwanga. Majirani walitoka nje kuifuata harufu.

"Rangi, harufu na uchungu vyote huletwa na moto," alijigamba. "Hapa hapakosekani kitu."

Kilikosekana. Kokwa haina ile dawa ya kufukuza usingizi iliyomo ndani ya buni, na moto hauwezi kuitia. Marehemu alilijua hilo vizuri, lakini alitaka sifa. Abdulghafur alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja la Shimanzi, na kila jioni alipitia kwa mdogo wake kujaziwa dele lake la kahawa. Jioni moja ya Oktoba 1943 Jamaldin akamtilia ya kokwa bila kumwambia, aone kama ataitambua.

Kaka akaonja. "Kahawa yako njema leo," akasema, akaenda nayo kazini.

Usiku ule mlinzi alishikwa na usingizi, ghala likaibiwa, na asubuhi akafukuzwa kama mzembe mbele ya watu. Jamaldin alimfuata, akamweleza ukweli.

"Ungaliniambia," Abdulghafur akamjibu, "ningaliinywa siku sina zamu."

Akahamia Malindi. Jamaldin alimpelekea salamu kwa kila msafiri, na hazikujibiwa. Hakukaanga kokwa tena. Kopo moja lililobaki aliliweka kabatini, asilifungue wala asilitupe. Yalimuuma sana.

Desemba iliyopita aliugua figo. Kila mlango ulipobishwa aliuliza, "Ni kaka?" Alifariki nyumbani kwake jana, Alhamisi, baada ya alasiri.

Ameacha mjane, Bi. Mahfudha, watoto wawili, Swabaha na Badawi, na kaka yake, Abdulghafur, ambaye habari za ugonjwa zilimfikia kwa kuchelewa, akaingia jana magharibi. Alipoulizwa atakunywa nini, alisema, "Nipa ile ya kokwa, shemegi." Bi. Mahfudha akafungua kopo. Kaka akaketi nayo kando ya mdogo wake mpaka alfajiri, na hakusinzia.

Mola amlaze Jamaldin pema. Kaka yake amemkeshea.