Mfasiri wa Benchi la Wagonjwa

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mfasiri mkuu wa hospitali yetu anastaafu. Kwenye makaratasi ana jina lake kamili, lakini sisi tunamjua kama Bi Penseli.

Aliingia akiwa mpiga chapa, akapanda ngazi moja moja mpaka akakabidhiwa ofisi ya kufasiri maelezo ya dawa kwa Kiswahili, chumba chenye dirisha moja na mafaili mpaka darini. Jina alilipata kwa penseli aliyoichomeka kwenye nywele, kisha akaisaka mezani kutwa nzima. Sisi tulijitazamia tu sinema ya bure.

Sheria yake ilikuwa moja: hakuna karatasi itakayochapwa kabla haijasomwa kwa sauti kwenye benchi la wagonjwa, mbele ya dirisha la dawa. Madaktari wakija juu, yeye hutabasamu na kuendelea kusoma.

Nilipoajiriwa katika ofisi yake, miaka saba iliyopita, nilikuwa nimevimba kichwa. Nahau nilizikusanya kwenye daftari, na katika karatasi yangu ya kwanza, ya dawa za kifafa, nikazimwaga zote. Mzazi atakayemkosesha mtoto dawa, niliandika, atakiona cha mtema kuni. Nikaisoma benchini kwa mbwembwe. Wawili watatu walicheka. Mama mmoja hakucheka. Dawa za binti yake zilikuwa zimekwisha tangu juzi.

"Kumbe nishamponza mwanangu," alisema, akachukua mkoba wake, akaiacha foleni na kuondoka mikono mitupu.

Bi Penseli alimkimbilia, viatu mkononi. Nilipofika getini nikihema, alikuwa amemshika bega. "Mwanangu, hakuna anayekugombeza. Dawa zikikuishia, usione haya. Njoo hata kama si tarehe yako, utapewa." Mama akajifuta machozi, wakarudi pamoja dirishani.

Mimi nilisubiri kukaripiwa. Badala yake aliniambia kwamba msemo wangu hauna kosa lolote, ila watu huutoa wakiwa wamekasirika. Je, mimi nilimkasirikia nani? Swali hilo nililala nalo siku nyingi. Maneno yake ya getini niliyaandika kwenye karatasi vilevile alivyoyasema. Nilikuwa nimeshayapeleka kuchapwa ndipo nikagundua kwamba hata "kuona haya" ni nahau. Ilikuwa imepita mbele yangu bila kupiga hodi. Daftari langu nililifunga mwaka uleule.

Bi Penseli, asante kwa uvumilivu wako, na kwa kutukatalia pale ilipokuwa rahisi kukubali. Nenda kapumzike, wajukuu wakuchoshe wao sasa. Wiki iliyopita binti yule alikuja mwenyewe dirishani, amekuwa mrefu kumpita mama yake. Nikauliza kwenye dirisha la dawa: tangu siku ile hajakosa dawa hata mara moja. Nilitaka ulijue hilo kabla hujaondoka. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha, dada yetu.