Mzee Sentimita na Mita Mbili za Maji

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minane katika bwawa letu la umeme, Mzee Sentimita anakabidhi funguo za chumba cha milango ya maji. Jina lake la vyeti lipo ofisini, lakini ukimwita kwalo hageuki.

Hili la utani alilipata kwa haki. Wengine wakikutana huulizana habari za nyumbani. Yeye huuliza maji yamesimama wapi, na ole wako ujibu kwa kukadiria. Mkewe anasema hata siku ya harusi alichelewa, eti mvua ilikuwa imenyesha milimani. Sisi aliotufundisha tumesemwa mpaka tukazoea, na tunamshukuru.

Wakati wa vita, aliyeshika bwawa alishika taa za mji, pampu za maji na hospitali, kwa hiyo kila upande ulilitaka. Wakubwa waliagiza lijazwe hadi ukingoni ili umeme usipungue. Yeye akawaambia bomu moja likipasua mlango, bondeni hatabaki mtu. Maji yapunguzwe mita mbili. Wakakataa. Basi akayapunguza kidogo kidogo, na kila siku akaandika daftarini kwamba amefungua yeye, bila ruhusa. Jamani, mhalifu gani hujiandikia mashtaka? Siku ya kumi na moja, mita mbili zikiwa zimeshatimia, askari walilisoma daftari wakamfungia stoo kama msaliti.

Kesho yake bomu likapiga mlango wa pili. Stoo ikafunguliwa mbio, maana hakuna mwingine aliyejua kushusha mlango wa dharura kwa mkono. Alizungusha gurudumu kwa muda wa saa sita, huku akimgombeza askari aliyemsaidia kwamba anazungusha kama anakoroga chai. Mto ulifurika hadi ngazi za zahanati ya bondeni, ukaishia hapo. Zile mita mbili zingekuwemo, hata paa lisingeonekana.

Nishani hakupewa, wala hakuuliza. Barua ya onyo aliyoandikiwa bado imo kwenye faili lake. Mwezi uliopita tuliomba ifutwe, akatukatalia mwenyewe, akisema ni kweli alifungua bila ruhusa.

Pumzika sasa, Mzee wetu, na afya ikukalie wewe na mama watoto. Shukrani hizi ni za idara nzima. Yangu mimi ina la ziada, ambalo miaka yote nimeona haya kukwambia: siku ile mama yangu alikuwa ndani ya zahanati hiyo, kwenye uchungu wa kunizaa. Anakusalimu.