Maisha na Kifo cha Moli ya Maple Crossing

Ndugu waombolezaji, na wewe Bwana Tolliver wa kampuni ya ujenzi, uliyekuja kuchungulia kama tumeshatawanyika, mimi ni Loretta Kovalik, nasoma kwa niaba ya familia, yaani sisi wazee tuliokuwa tukitembea kwa mazoezi ndani ya marehemu, jengo hili la maduka, kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1975, hapa Wexley, Ohio, juu ya shamba la mahindi la akina Dietz, akiwa sanduku la zege lisilo na dirisha hata moja, na meya wa siku hizo, mwenye sifa nyingi kuliko akili, akatokwa machozi ya furaha. Elimu yake ilikuwa haba, alijifunza somo moja tu, kuwanyang'anya wenye maduka ya mjini wateja wao, na somo hilo alilifaulu, kwani kufikia 1981 duka la viatu la baba yangu lilikuwa limefungwa na kupigiliwa mbao.

Alioa maduka mawili makubwa ya nguo, moja kila upande, akazaa watoto wasio na maana, wauza mishumaa ya kunukia, wauza mikate ya chumvi, na Baba Krismasi aliyenuka bia. Wake hao walimtoroka, mmoja mwaka 2009, mwingine 2016, watu walipoanza kununua hata soksi kwa simu, wamejilaza kwenye makochi, na hapo ndipo alipoanza kuugua, paa likavuja, ngazi za umeme zikagoma.

Hata hivyo, Darnell mlinzi aliendelea kutufungulia mlango saa moja asubuhi, maana barafu ya Ohio haina adabu kwa mifupa ya wazee, tukazunguka huku tukisengenyana, na mume wangu Stan, aliyeamriwa na daktari wa moyo atembee kila siku, akinichokoza, "Mama watoto, kaza mwendo, hata konokono ametupita!"

Alikata roho tarehe 31 Januari mwaka huu, milango ilipofungwa ili yajengwe maghorofa ya kifahari yenye ukumbi wa kutembea, nami nilipomuuliza Bwana Tolliver kama tutaruhusiwa, alinichekea, "Bibi, ule ni wa wapangaji tu, wenye kadi ya kuingilia." Wiki hiyohiyo Stan alikwenda kutembea barabarani, akateleza, akavunjika nyonga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mabakuli ya tambi na jibini, na Darnell, aliyetufungulia hata siku za sikukuu. Kampuni ya ujenzi hatuishukuru kwa lolote.

Ewe marehemu, ulikuwa mbaya wa sura na mlafi, wala sikulii, ila katika mji huu mzima ni wewe peke yako uliyetuacha tuingie bila kutuuliza tunanunua nini. Stan yuko kitandani, ananyoosha mguu kila asubuhi, akijiandaa kwa ukumbi huo mpya, na habari ya kadi sijapata moyo wa kumwambia.

Lala salama, sanduku bovu wewe.