Historia ya Fundi Tabaka na Karatasi Yake ya Tisa

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, lakini sauti imemkauka tangu jana, amenikabidhi mimi mjane, kwa hiyo nitasoma haraka, na mtoto akilia huko nyuma kwa bibi yake mtaniwia radhi nikisimama kidogo.

Marehemu mume wangu, mliyemzoea kwa jina la Tabaka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mshonaji wa sare za shule, na mama mkwe anasema tangu anatambaa alikuwa akiokota mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, anayapanga moja juu ya jingine, akinyang'anywa analia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1998 hadi 2004, na sekondari 2005 hadi 2008, ambako hesabu zilimpiga chenga, lakini ramani zote za ukutani alichora yeye.

Tarehe 10 Januari 2011 aliajiriwa kwenye duka la kutoa nakala, akasimama mbele ya joto la mashine moja miaka sita, mpaka Mei 2017 aliponunua kwa mtengeneza mabango mashine ya kukatia karatasi, ile inayounganishwa na kompyuta na kukata kwa kijembe kidogo kuliko punje ya mchele, wenzake wakamcheka kwamba amenunua printa isiyo na wino, naye akawajibu kuwa wino ni wa wenye haraka. Picha zake zilikuwa na karatasi nane au tisa, kila moja rangi yake na matundu yake, zinabandikwa zikiachana kwa vipande vya sponji ili kivuli kiingie, na nyuma ya kila moja aliandika namba kwa penseli, kwa sababu kuna siku, kwenye picha ya kumuaga mwalimu mkuu, aliibandika ya tano juu ya ya nane, mwalimu akatoka hana pua, na mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akakataa irekebishwe.

Mimi nilifika kwake Juni 2020 kuagiza kadi, nikabaki kuchokoa mabaki ya karatasi kwenye matundu kwa sindano, mashine yenyewe sikuruhusiwa kuigusa, alisema mkono wangu una papara, na hakukosea. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 2021, tukajaliwa mtoto mmoja wa kike tarehe 3 Februari 2024.

Mwezi Mei mwaka huu miguu ilianza kumvimba, tukasema ni kusimama sana, tulijidanganya, vipimo vikaonyesha figo, tukawa tunaenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, tunatoka asubuhi tunarudi jioni, mtoto mgongoni, nimechoka mpaka nasinzia nimesimama, na yeye kachoka kunizidi, lakini siku akipata nguvu anakata karatasi moja ya picha hii iliyo mbele ya jeneza, yeye akiwa amempakata binti yake, ili akikua amjue. Alikata nane. Alifariki Jumanne tarehe 19 Novemba 2024, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mirija.

Jana kwenye kikao cha familia ilisemwa mashine apewe mtu anayeijua, maana mjane haijui, nami nikanyamaza, shemeji, nakuheshimu, nilinyamaza kwa woga, siku hizi naogopa hata mlango ukigongwa, ilhali Alhamisi nilikuwa nimeshaiwasha, nikakata ile ya tisa, ambayo mchoro wake aliuacha tayari kwenye kompyuta, ya mbele kabisa, yenye nyusi na vidole. Karatasi nyeusi ilibaki moja tu, na nikasahau onyo lake la kujaribu kijembe pembeni kwanza, kikazama, kikachana kidole gumba cha mkono wake uliomshika mtoto pichani. Nimekiunga kwa gundi. Mkipita kuaga mkaona kile kidole, msimlaumu fundi, kosa ni langu, na naomba mbele yenu wote mashine ibaki nyumbani, nitachana karatasi nyingine pia, lakini nitajifunza, nina mtoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu dereva aliyetubeba bila kuchoka, mama wa mlango wa pili aliyefua nguo za mtoto bila kuombwa, na wenzake wa duka la nakala waliokuja wote.

Baba mtoto, nyuma ya karatasi ile nimeandika tisa, kwa penseli, kama ulivyokuwa ukifanya. Pumzika kwa amani.