Seva Ziliponyamaza Nikamshukuru Mungu

Wapendwa, amani iwe kwenu nyote, hata ninyi wa benchi la nyuma mnaokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Ananijua, ndiyo maana ameshaanza kutazama saa.

Nimesimama leo kufuta ushuhuda wangu. Ndiyo, mmesikia vizuri. Miezi michache iliyopita nilisimama hapa hapa, nikasema Mungu amenipa amani kazini. Mlipiga makofi. Mama mmoja alilia nikampa leso yangu. Sasa nawaambia, ndugu zangu, ile haikuwa amani, ilikuwa maiti. Leso lakini naomba abaki nayo.

Nianze mwanzo, maana wengi wenu mnachojua ni kwamba nafanya "mambo ya kompyuta", na simu zenu zikiingia maji mnaniletea mimi. Kampuni yetu iko hapa Kampala, kwenye barabara ya kwenda Port Bell. Jina sitaji. Tunasambaza vitu vya hospitali: glavu, sindano, maji ya dripu. Lori halitoki getini bila karatasi, na karatasi inatolewa na programu moja kubwa inayokaa kwenye seva nne. Seva ni kompyuta tu, ila hakuna mtu anayekaa mbele yake. Inafungiwa chumba chake chenye baridi, na ofisi nzima inaitegemea. Hizo nne ndizo mkate wangu, na wakati ule ndizo zilikuwa mkate wa nyumba nzima, kwa sababu mume wangu alikuwa amepoteza kazi.

Seva ina tabia moja inayowashinda watu wengi: inaandika kila jambo linaloipata. Fulani ameingia. Fulani amekosea nywila. Nafasi inaniishia. Nafasi inaniishia sana. Maandishi hayo sisi wa kazi hii tunayaita logi. Mtu akiyasoma kila siku, hashtukizwi na kitu.

Na mimi nilisema nayasoma. Kila asubuhi, kwa macho yangu, mstari kwa mstari. Nilijipiga kifua kabisa. Ukweli ni kwamba nilisoma ukurasa wa kwanza, nikanywa chai, nikashuka mpaka wa mwisho, nikanywa chai. Katikati palikuwa na maelfu ya mistari iliyosomwa na Mungu peke yake.

Basi programu ikaanguka. Ikaanguka tena. Mara ya tatu bosi aliniita. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha.

"Nyabo," akaniambia, yaani bibie, kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "kila siku mimi nauliza, wewe unasema iko sawa. Loli zikikwama ndiyo unajua. Hata mimi najua loli zikikwama! Ikianguka mala nyingine bila kuniambia mbele, unaludi kwenu."

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Si mbali, lakini nilifikiria kushuka pale na watoto wawili waliotolewa shule katikati ya muhula, na mama mkwe amesimama mlangoni anatuhesabia masanduku. Niliogopa, sitawaficha.

Nikaamua: kama macho yangu hayawezi, nitaweka mlinzi wa mashine. Ni programu ndogo, unaiambia isome logi zote mchana kutwa, na ikiona neno la hatari ikutumie ujumbe kwenye simu. Jambo jema. Lakini mimi na kiburi changu, na hasira ya kuitwa ofisini, nikaiambia: kila kosa, kila onyo, kila kitu. Usinifiche hata kimoja.

Haikunificha. Siku ya kwanza simu yangu ilikufa chaji kabla ya saa nne asubuhi. Printa ya stoo imeishiwa karatasi: ujumbe. Karani amekosea nywila: ujumbe. Amekosea tena: ujumbe. Kwa hiyo, wapendwa, ile simu iliyotembea yenyewe juu ya benchi mpaka ikaanguka wakati wa maombi ya kimya, na mchungaji akasema mwenye nayo atubu, ilikuwa yangu. Nilitazama juu kama ninyi. Leo natubu.

Na nyumbani? Mume wangu alivumilia siku tatu. Jumamosi mchana aliweka kijiko chini.

"Nani huyu anakutafuta kila dakika?"

"Ni seva."

"Seva gani? Ana jina?"

Nikampa simu asome mwenyewe. Mzee wangu akavaa miwani, akakaa kwenye kochi, akasoma kuanzia saa saba mpaka saa kumi. Diski imefika asilimia sabini. Printa haijibu. Printa imejibu. Printa haijibu. Mwishowe akavua miwani, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Mama watoto," akasema, "afadhali angekuwa mwanamume."

Msicheke sana, yuko pale. Basi nikaanza kumziba mlinzi mdomo. Habari za printa, nyamaza. Nywila, nyamaza. Onyo la diski, ile nafasi ya kuhifadhia, lilikuja mara nyingi kuliko yote na kila mara seva ilikuwa bado inatembea, nikasema hili nalo ni umbea, nyamaza mpaka hali iwe mbaya kabisa. Kila nilipoziba moja nililala usingizi mtamu zaidi. Zikabaki jumbe tano kwa siku, kisha mbili. Halafu ikafika Jumamosi moja, simu haikulia hata mara moja.

Kesho yake ndiyo nilisimama hapa. Nilisema nini? Nilisema tufani imetulia. Mlipiga makofi, na mimi nikarudi kukaa nimeinua shingo.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya. Bosi alipita mezani kwangu akaniuliza, "Iko sawa?" Nikamwambia, "Iko sawa, bosi," na safari hii niliamini. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa anapumzika?

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, programu ikafa. Malori saba yamepanga foleni mpaka barabarani, dereva mmoja amebeba dripu za hospitali ambayo imeshapiga simu mara mbili kwamba imebakiwa na za siku hiyo tu. Hakuna karatasi. Watu wa stoo wakaanza kuandika kwa mkono, na wino ukaisha. Mimi nikakimbilia seva, nikafungua kwanza yule mlinzi wangu nimuulize kwa nini hakuniambia.

Mlinzi alikuwa amekufa.

Tena si asubuhi ile. Alikufa ile Jumamosi! Mimi nilikuwa nimemziba mdomo tu, mikono sikuizuia, kwa hiyo kila alichokatazwa kunitumia aliendelea kukiandika kwake, akaandika, akaandika, mpaka diski yake mwenyewe ikajaa akazimika. Nilipokuwa nasimama mbele yenu kushukuru kwa ule utulivu, jamaa ana siku moja kaburini. Na seva kubwa, ile inayotoa karatasi, ilikuwa imelia siku tisa mfululizo kwenye logi zake kwamba nafasi inaisha. Siku tisa. Hakuna aliyekuwa anaisikia.

Nilisafisha, nikawasha upya, malori yakaanza kutoka saa nane mchana. Dripu zilifika, Mungu ni mwema, lakini zilifika jioni, na sista wa hospitali ile alimwambia bosi maneno ambayo siwezi kuyasema kanisani. Bosi hakunifokea. Alisema, "Kesho saa mbili uje uniambie sababu ya mimi kukuacha hapa. Kama huna, lete kitambulisho cha kazi."

Nikatoka nikiwa nimeshika mkoba. Pale getini kuna mzee mmoja askari, mtu wa kaskazini, aliwahi kuwa jeshini miaka mingi. Kila lisaa anaandika kwenye daftari lake kubwa. Nilipokuwa nasubiri anifungulie, nikachungulia. Saa kumi, hakuna kitu. Saa kumi na moja, hakuna kitu. Saa kumi na mbili, ndiyo alikuwa anaandika pole pole kwa herufi kubwa: hakuna kitu.

Nilikuwa na hasira za siku nzima, nikamwangushia yeye.

"Afande, kama hakuna kitu unaandika nini? Unamaliza kalamu bure!"

Hata hakukasirika. "Madamu," akasema, "kule jeshi, mtu ikinyamaza, sisi hatusemi iko sawa. Tunaenda na machela. Mimi naandika hakuna kitu, bosi anajua askari yake iko hai."

Nikasimama. Nikamuuliza, sauti imeshuka, "Na wewe mwenyewe ukisinzia hapa, nani atajua?"

"Bibi yangu, mama ya watoto, iko polisi kule Kisugu. Saa saba mimi lazima napigia yeye simu. Sijapiga, anakuja." Akafikiri kidogo. "Siku moja nilisahau. Alikuja na wenzake wanne."

Ndugu zangu, nilishika ule mlango wa geti nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakawa machozi kweli. Mzee wa watu akadhani nimechanganyikiwa, akanipa kiti chake. Mimi mwenye vyeti viwili ukutani nilikuwa nimeshindwa na jambo ambalo mzee huyu anafanya kwa kalamu ya biki.

Sasa usinione shujaa. Nikiwa njiani kwenda kazini kesho yake, shetani aliniletea jibu zuri sana: umeme. Nani Kampala atabisha ukisema umeme? Nilikuwa nimeshalipanga vizuri mdomoni. Lakini nilipomwona bosi amekaa, kalamu chini, ananisubiri, likanikwama. Nikamwambia yote. Kwamba nilidanganya kuhusu kusoma. Kwamba niliweka mlinzi, nikamziba mdomo, akafa, nikapigiwa makofi. Hata ushuhuda wangu hapa nilimtajia.

Mimi nikaanza kuhesabu masanduku kichwani.

"Ulishukulu Mungu?" akauliza. "Mbele ya watu?"

"Ndiyo, bosi."

Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanatikisika. Alipomaliza kucheka alifuta macho akasema, "Mwisho wa mwezi nitazima mashine moja mimi mwenyewe, sikuambii siku gani. Usipojua ndani ya lisaa, kitambulisho."

Nikafanya kazi kama mtu anayeanza kazi siku ya kwanza. Nilikaa kwanza na watu wa stoo, nikawauliza jambo ambalo sikuwahi kuwauliza: ni kitu gani kikiharibika lori haliondoki? Wakanitajia vitu vichache tu. Hivyo ndivyo mlinzi anaruhusiwa kunipigia kelele, na akinipigia anasema nifanye nini. Mengine ananiandikia muhtasari mmoja asubuhi, nausoma na chai, safari hii wote. Logi za zamani zinafungwa na kuondolewa zenyewe kabla hazijajaza diski. Diski ikibakiwa na nafasi ya wiki moja ananiambia, hangoji dakika ya mwisho. Na kila lisaa lazima mlinzi aseme yupo. Asiposema, kuna mashine nyingine, iko tawi letu la Bukoto, mbali na yeye, inanipigia mimi na bosi. Huyo ndiye mke polisi wa mzee wa geti.

Wiki iliyofuata mke polisi akapiga kelele. Nikajua ni mtihani wa bosi, nikakimbia na viatu mkononi. Kumbe ni mama wa usafi, amechomoa waya wa seva ili achomeke birika. Chai ilikuwa tayari, tukanywa.

Mtihani wenyewe ulikuja Alhamisi moja mchana. Nilijua ndani ya dakika kumi. Nilipoingia kwa bosi kumwambia alikuwa bado ameshika waya. Kitambulisho ninacho mpaka leo, hiki hapa, nimekuja nacho muone.

Namshukuru bosi aliyecheka badala ya kunifukuza. Namshukuru mzee wa geti, nilimpelekea daftari jipya na kalamu pakiti nzima. Namshukuru mume wangu, aliyepata kazi mwezi uliopita na bado anauliza habari za printa. Na ninyi mlionipigia makofi, sina neno, mlipiga kwa upendo.

Somo langu ni fupi, mwenyekiti, kaa. Nilikuwa nadhani kelele ndiyo hatari na kimya ndiyo baraka. Mashine au mtu akinyamaza, usiseme ametulia kabla hujaenda kuangalia.

Na hili ndilo lililonisimamisha leo, si seva. Kuna dada yetu mmoja, jina sitaji, alikuwa anakaa mstari wa tatu hapa kulia. Alikuwa anapiga simu kila wiki na shida zake, na nawaambia kweli, tulichoka naye. Mimi nilichoka naye. Sasa ni Jumapili ya nne hajapiga, hajaja, na juzi kwenye kikundi tulisema, Mungu mkubwa, siku hizi ametulia. Mimi ndiye niliyesema, na mkaitikia amina. Jana nilimpigia mara tatu, simu haipatikani. Najua nyumba yake, nyuma ya soko la Bukoto. Sikai kula chakula cha baada ya ibada leo, natoka hapa naenda. Nani anakuja na mimi?