Kengele Ilipoita Nyumbani kwa Rauno

Tarehe 31 Machi, Rauno Haapsaari anavua rasmi koti la Kikosi cha Zimamoto cha Kivilampi, alilolivaa kwa miaka thelathini na saba. Kahawa ya kumuaga ni Jumamosi hii, saa nane mchana, hapa hapa kituoni. Keki ya chumvi, ile ya mkate na samaki, imeshaagizwa, vikombe vimeshaoshwa. Aliyekuwa akikosekana ni Rauno mwenyewe, maana alisema haji.

Nitaeleza kwa nini. Kwanza tumpe haki yake.

Rauno alijiunga akiwa seremala, na seremala ndiye hadi leo. Kwetu hakuna anayeshinda kituoni akingoja moto. Kidude cha wito kikilia kiunoni, unaacha msumari nusu ukutani, unabonyeza kitufe cha "naja", unatimua mbio. Rauno amezima maghala ya nyasi na dohani zisizohesabika. Amewaopoa ziwani wavuvi wa majira ya kuchipua, wale wanaovua wakisimama juu ya barafu, wakiambiwa imeoza wanajibu kwamba hata babu yao alipita hapo hapo.

Tulipoongezewa kazi ya huduma ya kwanza, kwa kuwa gari la wagonjwa hutoka mjini na mji uko mbali, wengi wetu tulinung'unika. Rauno alikwenda kozi, akarudi kutufundisha kubonyeza kifua kwa mdoli wa plastiki, ambaye alimbatiza jina la Pentti, jina la mwenyekiti wa halmashauri. Siku mwenyekiti alipokuja kukagua kituo, alipokelewa mlangoni na sauti ya Rauno: "Mbonyeze Pentti kwa nguvu, hasikii huyo!" Bajeti yetu ya mwaka ule ilipita kwa tabu.

Sasa jambo ambalo karatasi za sherehe huwa hazilisemi. Sisi watu wa Kivilampi tuna haya, tena haya ya kupitiliza. Mtu anapiga simu ya dharura kifua kinambana, halafu anasema, "Njooni, ila king'ora hapana, na gari mliegeshe nyuma ya zizi." Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alituomba radhi kwa uchafu wa madirisha. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa kwetu, aibu ya aliye hai anaijua zimamoto. Uliyembeba juzi kwenye machela, leo akikuona dukani anajificha nyuma ya magunia ya unga.

Rauno amewabeba karibu wote. Akaanza kununua mkate ng'ambo ya ziwa. Mimi, Merja Ojaluoma, ninayeendesha gari la maji, nilidhani anaupenda. Nikamuuliza, "Mzee, mkate wa kule una nini hasa?"

"Hauna kitu. Mkavu kama ubao."

"Sasa?"

"Sasa watu wa hapa wanunue wa kwao kwa amani."

Nikaona haya kwa niaba ya kijiji kizima.

Basi tuje Jumanne ya wiki iliyopita. Kila vuli Rauno huenda shuleni kuwaambia watoto: usianike nguo juu ya jiko la sauna, hata soksi, hata dakika moja. Wazazi wa watoto hao walifundishwa hivyo hivyo, na yeye yeye. Jumanne alasiri, Rauno aliwasha sauna yake, kibanda chake cha kuogea mvuke, akaanika suruali ya ndani ya sufu juu ya jiko, akatoka kupasua kuni. Kengele ya moshi haikulia. Betri yake ilikuwa kwenye redio, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mashindano ya kuteleza kwenye theluji.

Alipogeuka, ukuta ulikuwa unawaka. Na yule aliyetuhubiria miaka nenda miaka rudi kwamba unaita kwanza, unazima baadaye, hakuita. Alishika ndoo. Mtu mmoja, ndoo mbili na theluji ya uani, akijitahidi amalize kabla jicho la mtu halijaona. Lakini mficha moto, moshi humuumbua.

Jirani yake, Lempi Vuorijoki, aliuona moshi akapiga simu. Mjue kwamba Lempi na Rauno walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na moja. Hawakugombana. Rauno alimkuta siku moja sakafuni, amelewa, hajitambui, akamgeuza ubavu na kukaa naye hadi gari la wagonjwa lilipofika. Tangu hapo Lempi akienda dukani huzungukia njia ya makaburini ili asipite mbele ya geti la Rauno. (Ameniruhusu kuandika haya. Alisema, "Andika, nani asiyejua?")

Wito ukatoka. Kidude kikalia kiunoni mwa Rauno, na anwani ilikuwa yake. Naye, ndoo mkononi, kwa mazoea, akabonyeza "naja".

Kituoni tuliliona jina lake kwenye skrini. Teppo, kijana wetu wa mipira ya maji, alicheka hadi akakosa mguu wa suruali ya kazi aliyokuwa akiivaa. Nami nilicheka, sikatai. Kicheko kilitukauka mdomoni tulipofika. Rauno alikuwa ameketi kwenye theluji, uso mweusi tii, viganja vimebabuka, akikohoa kikohozi kile tunachokijua sote. Nilimvika kinyago cha oksijeni mwalimu wangu. Akakiinua ili aseme neno moja:

"Merja, zima hizo taa za buluu. Tafadhali."

Nimeona mengi kwenye kazi hii. Sijawahi kuona haya kumtazama mtu usoni kama nilivyoona siku ile. Nilizima taa. Nusu ya sauna ilipona. Rauno akalazwa, na alipotoka akanipigia simu: "Kahawa msiipike. Mimi kituoni sirudi." Akakata.

Jumapili nilimpelekea mbao za ukuta. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia aliposukuma mlango Lempi, na mkate mtamu wa iliki kwapani. Hakubisha hodi.

"Jana nimekuona unazungukia makaburini," alisema. "Umeanza lini?"

"Juzi," Rauno akajibu, macho chini.

"Mimi miaka kumi na moja. Nakwambia, ile njia inaua viatu."

"Suruali juu ya jiko, Lempi. Mimi! Watoto wa shule watasemaje?"

"Watasema mganga hajigangi. Mimi ulinikuta nimelalia viazi vya kuchemsha, vingine nywelani. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Basi na mimi ulinipa nafasi ya kukushukuru? Unanunua mkate ng'ambo! Unatukimbia, halafu unasema tunakukimbia sisi. Kata huo mkate, mtoto wa watu, kabla haujapoa."

Rauno aliukata. Walikunywa kahawa vikombe vitatu na wala hawakuzungumza kitu cha maana, bei ya kuni tu na mguu wa paka wa Lempi.

Mimi nilikuwa nimeshaandika wasifu mwingine, mzuri, usio na moto ndani yake. Jioni ile niliuchana nikaandika huu, na jana nikampelekea ausome kabla haujachapwa. Aliusoma akiwa amesimama dirishani. Nikamwambia, "Ukisema hapana, huu nao nauchana. Sitanuna."

"Chapisha," akasema. "Na Jumamosi nakuja."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena.

"Merja. Umesahau kitu. Andika kwamba niliogopa."

"Moto?"

"Moto nimeuzoea. Niliwaogopa ninyi, mtakapofika. Liandike hilo, watu wasidhani ni wao tu."

Nimeliandika, Rauno. Asante kwa kila mlango ulioingia na kila ulichokinyamazia. Kikosi chako na kijiji chako tunakuombea mapafu mepesi, siku ndefu, na majirani wasiobisha hodi.