Bisibisi, Aliyekataa Neno Kidude

Waliokuwepo marehemu alipozaliwa, Ijumaa tarehe 9 Februari 1973, saa nne na robo asubuhi, katika wodi ya wazazi yenye vitanda sita, ni hawa: mama yake mzazi, aliyekuwa mpiga chapa; mkunga wa zamu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi; bibi yake mzaa mama, aliyeshika beseni; na baba yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma maelezo haya kwa niaba ya familia, na ambaye kwa usahihi hakuwa ndani, bali kwenye benchi la nje ya mlango. Baba yake mzazi, fundi saa, alifika akiwa amechelewa dakika arobaini, na mkunga akamwambia, "Fundi saa, mtoto amekuja na wakati, wewe umekuja na sababu."

Marehemu alikuwa mtoto pekee, akalelewa katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, mahali ambapo saa ishirini zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Mwaka 1983 mikono ya baba yake ilianza kutetemeka, kwanza kidole gumba cha kulia, kisha kiganja chote, ikawa hawezi tena kushika kibanio. Mke wake alijaribu kumsaidia, lakini yule fundi, pamoja na ustadi wake wote, hakuwa na majina ya vitu vyake, kila kitu kwake kilikuwa kidude, "Nipe kile kidude, si hicho, kidude kile kinachoshika kidude kingine," na kila alipoletewa kisicho chenyewe aliinamisha kichwa. Karakana ilifungwa tarehe 30 Juni 1986, saa zilizobaki zikarudishwa kwa wenyewe zikiwa zimefunguliwa, kila moja katika bahasha yake, na baba huyo akafariki mwaka 1989, ujuzi wake wote ukiwa umebaki vidoleni. Tulipotoka makaburini marehemu, akiwa na miaka kumi na sita, aliuliza, "Baba mkubwa, na mikono yangu itakuja kufanya hivi?" Alijibiwa kwamba haijulikani, na jibu hilo, ingawa lilikuwa la kweli, alitembea nalo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, sekondari kuanzia 1987 hadi 1990, ambako alipata alama za juu katika fizikia na za chini katika uimbaji, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1991 hadi 1993, akahitimu fani ya umeme na elektroniki. Ni hukohuko chuoni alipopewa jina la Bisibisi, kwa sababu alikuwa nazo saba, kila moja ina jina lake na mfuko wake, na mtu akisema "niazime hicho kidude" hapewi, hata kama kimeshikwa mkononi, mpaka akitaje.

Tarehe 1 Machi 1994 aliajiriwa katika idara ya maji kuwa fundi wa kompyuta, akapewa chumba kilicho chini ya ngazi, chenye meza moja, taa moja na feni iliyoelekea ukutani, akakaa humo miaka ishirini na mitano. Wenzake waliopo hapa ni mashahidi wa misimamo yake. Aliamini kwamba mtu asiyeweza kulipia pawa saplai nzuri, ile inayoilisha kompyuta umeme, asinunue kompyuta kabisa, maana huo ni sawa na kumlisha farasi makapi. Kwamba taa za rangi ndani ya kasha hazijawahi kuongeza kasi ya kitu chochote. Kwamba krimu ya kupozea kompyuta iwe kiasi cha punje ya njegere, asiyejua kipimo hicho aache kupaka. Na kwamba kompyuta ya mapajani ambayo kumbukumbu yake imechomelewa kwa risasi isiweze kutolewa ni nyumba iliyojengwa bila mlango. Zaidi ya yote hakuvumilia lile kosa ambalo sote hapa tunalifanya, la kuliita kasha zima sipiyu. Alikuwa akilifungua, anaonyesha kipande kinachotosha katika kiganja, anasema, "Sipiyu ni huyu. Hilo unalolikumbatia ni nyumba yake."

Kosa hilohilo ndilo lililompatia mke. Mwezi Septemba 1998 mshona nguo mmoja, ambaye mashine yake ya kutarizi iliendeshwa na kompyuta, alimpigia simu kwamba sipiyu yake inapiga kelele. Marehemu akamjibu kwa adabu kwamba sipiyu haina mdomo, kinachopiga kelele ni feni. Yule dada akasema, "Basi njoo wewe unayelijua jina lake, ulitukane vizuri." Alikwenda, akasafisha feni, akarudi wiki iliyofuata kuisafisha tena ingawa haikuwa na vumbi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 1999, wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 4 Mei 2001, sasa mwalimu wa hesabu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2004, ambaye yuko chuo.

Katika sherehe hiyo ya ndoa, baba yake mkubwa alisema katika hotuba kwamba bibi arusi awe na subira, maana mume wake bado anacheza na midoli. Watu walicheka sana. Kesho yake saa tatu asubuhi marehemu alibisha hodi, akasalimu, "Shikamoo, baba mkubwa," akakaa mpaka chai ikaisha, ndipo akaeleza kwamba mdoli hununuliwa ukiwa mzima, lakini modeli ya roboti huja katika kisanduku ikiwa vipande mia mbili na zaidi, vimeshikana katika fremu kama majani katika kijiti, na haiwi roboti mpaka mtu aikate, aisugue kwa msasa na kuiunganisha kiungo kwa kiungo. Hotuba ile ilikuwa na kosa. Linasahihishwa leo, mbele ya wale waliocheka siku ile na bado wako hai.

Modeli ya kwanza aliipata mwaka 1996 kwa mhandisi wa meli ambaye yeye alimtengenezea kompyuta, akaiunganisha kwa mkasi wa kucha, na mpaka mwisho alikuwa na themanini na tatu, zikiwa zimesimama kwa safu katika kabati la vioo sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka vyombo vya wageni. Hapo pia alikuwa na sheria zake. Roboti isiyoweza kusimama kwa miguu yake mpaka iwekewe nguzo ni picha, si roboti. Gundi ni kukiri kushindwa. Na kipande hukatwa mara mbili, kwanza mbali na ukingo, kisha karibu, jambo lililomshangaza mke wake, aliyesema, "Sisi tunapima mara mbili, tunakata mara moja," naye akajibu, "Nguo ina pindo, mama watoto, plastiki haina."

Kila mwezi aliipeleka familia kutazama filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, na njia nzima ya kurudi walibishana. Yeye alishikilia kwamba shujaa asiyechoka hana ushujaa, ana bahati tu. Kwamba anayevunja majengo kumi kumkamata mwizi mmoja apelekwe idara ya maji aone mabomba yanavyozibwa. Na kwamba sehemu ya tatu ya filamu yoyote hutengenezwa na watu waliosahau sehemu ya kwanza. Mke wake alihoji nani aliyeshona yale majoho, maana hayana mishono ya mabega. Filamu ilipoisha, watu wakisimama, marehemu alibaki ameketi, akisoma kimoyomoyo majina yote yanayopanda, wabeba taa, washona mavazi, madereva, mpaka mfagiaji anapofika mstari wao. Alisema hao ndio walioamka alfajiri.

Mwezi Aprili 2015, akifunga skrubu chini ya ngazi, kidole gumba chake cha kulia kilitetemeka. Hakumwambia mtu kwa wiki sita. Jumatano tarehe 3 Juni 2015 daktari wa mishipa ya fahamu alithibitisha alichokuwa akikijua, na marehemu alipotoka nje alimwambia mke wake, "Ni ule wa baba." Walipofika kituo cha basi mke wake akauliza, "Baba yako alikosa nini? Mikono, au mtu wa kumwelewa?"

Tangu siku hiyo marehemu alianza kumfundisha mke wake majina, kila kipande, kila chombo, kifundo, kishikizo, bawaba, bega la nje, bega la ndani, na neno kidude likapigwa marufuku ndani ya nyumba, hata kwa wageni. Kazini vilevile aliandika kila kilichomo katika chumba cha chini ya ngazi, daftari tatu, na waliomrithi wanazitumia hadi leo. Alistaafu tarehe 28 Februari 2019, mikono ikiwa haishiki tena kikombe. Lakini modeli hazikusimama. Yeye aliketi upande huu wa meza, mke wake upande ule, na yeye akisema, "Fremu ya pili, paja la kushoto, kishikizo cha chini, acha milimita mbili," mkono wa mshona nguo ulikata palepale, wakaunganisha kumi na moja kwa namna hiyo. Jirani mmoja alipowakuta alisema, "Nyinyi mnazungumza kama rubani na mnara wa kuongozea ndege." Mke wake akajibu kwamba rubani angekuwa amefika, huyu bado anabishana na msasa. Waliomfahamu marehemu wanajua kwamba katika miaka hiyo alicheka kuliko ile ya mikono mizima.

Marehemu aliagiza shukrani zisomwe kabla ya kifo chake kutajwa, kwa kuwa habari ikiisha watu husimama, na majina hayasomwi. Familia inamtii. Inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu, aliyemwambia ukweli bila haraka. Muuguzi wa zamu ya mchana wa wodi namba tatu, aliyejifunza kukiita kila kitu kwa jina lake. Dereva wa gari la wagonjwa. Jirani wa mlango wa kushoto, aliyechota maji, na wa kulia, aliyeleta viti hivi. Wafanyakazi wa idara ya maji, waliochimba kaburi tangu alfajiri. Wapishi walioko uani wasiosikia maneno haya, na waambiwe. Na mke wake, mshona nguo, kwa miaka ishirini na minne na miezi kumi, na hasa kwa mikono.

Sauti yake ilikwisha tarehe 2 Oktoba 2024, kifua kikiwa kimeingia maji. Mke wake aliendelea na modeli ya themanini na nne kando ya kitanda, sasa akitaja yeye, na marehemu akiitikia kwa kope. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri, mke wake alitaja kifundo cha mguu wa kushoto, sehemu ya nje, na hakuitikiwa. Alikata, akasugua, akaunganisha, kisha akamwita muuguzi. Marehemu alikuwa amefariki.

Pumzika, Bisibisi, kwa amani iliyo na jina lako.